Katama Mkangi na riwaya ya utu uzima

KATAMA G.C. Mkangi, mwanasosholojia na mwandishi wa riwaya, alizaliwa Ribe, Kilifi, mwaka 1944. Ribe ni makao ya Waribe, mojawapo ya makabila tisa ya Mijikenda, na ndiko Wamethodisti walikofungua misheni yao mnamo 1862. Shule ilifika huko mapema, na pamoja nayo swali linalorudi katika maandishi yake: msomi anapokuwa mtu mzima, elimu yake ni ya nani?

Riwaya yake ya kwanza, Ukiwa, ilitoka 1975. Ni kisa cha mapenzi ya vijana waliosoma, na juu juu yaweza kusomwa hivyo tu. Lakini kizazi hicho kilikuwa cha kwanza kuingia utu uzima baada ya uhuru wa 1963, na upweke unaotajwa katika anwani hauwahusu wapenzi peke yao. (Neno lenyewe lina sura mbili: ni upweke, na pia ni "endapo wewe ni". Haidhuru mwandishi alilikusudia hilo au la. Msomaji wa Kiswahili hawezi kutolisikia.)

Mafuta ilifuata mwaka 1984. Hapa mapenzi yamewekwa kando, na mahali pake pamechukuliwa na fumbo kuhusu watawala na watawaliwa. Mwaka mmoja kabla yake Mkangi alikuwa amechapisha, kwa Kiingereza, utafiti kuhusu ardhi na ukubwa wa familia miongoni mwa Wataita. Si ajabu basi kwamba riwaya zake hupima maisha kwa jicho la mtu aliyezoea kuuliza nani anamiliki nini.

Mnamo 1986, wakati serikali ya Rais Daniel arap Moi ilipokuwa ikiwasaka walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya, Mkangi, aliyekuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alitiwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani.

Walenisi ilichapishwa mwaka 1995. Dzombo, mhusika mkuu, amehukumiwa kifo katika nchi ambayo sheria yake ni silaha ya wenye nguvu. Anatiwa ndani ya chombo cha angani ambacho hakuna aliyetarajia kwamba angeweza kukiendesha. Akakiendesha. Sayari anayotua, yenye jamii ya haki na usawa, inaitwa Walenisi, yaani "wale ni sisi". Wapo wanaoona kwamba maelezo ya jamii hiyo ni marefu kuliko kisa, na hawakosei. Sura za mwanzo, za hukumu na safari, ndizo zinazomshika msomaji.

Kwa njia hiyo Mkangi aliingia katika mjadala uliokuwa ukiendelea kati ya watunzi wenyewe, kitabu kikijibu kitabu. Euphrase Kezilahabi wa Tanzania alikuwa amekwisha kuuacha uhalisia katika Nagona (1990) na Mzingile (1991). William Mkufya akaja na Ziraili na Zirani (1999), na Kyallo Wadi Wamitila na Bina-Adamu! (2002), safari nyingine ya kumtafuta mtu na utu wake. Kezilahabi alielekea kwenye falsafa ya kuwako. Mkangi alibaki na siasa.

Mwaka 1997 aliwania urais kwa tikiti ya chama cha Kenya National Congress, akashindwa vibaya. Alifariki 2004 katika ajali ya barabarani, akiwa ameacha riwaya hizo tatu.