Kiti cha Diwani ni cha Nani?

Ndugu msomaji, kama na wewe ni mwandishi chipukizi unayehangaika kutafuta kisa cha riwaya, usisumbuke kwenda mbali. Kisa kipo Arusha, na wala hakihitaji kutiwa chumvi.

Baada ya Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2010, CCM na Chadema walibanana vibaya katika baraza la madiwani la Arusha. Kura moja ilikuwa dhahabu. Desemba akachaguliwa meya wa CCM, Gaudence Lyimo. Chadema wakagoma, wakidai kwamba mbunge wa viti maalumu wa Tanga amepiga kura isiyomhusu. Januari 5, 2011 wakaandamana. Polisi wakafyatua risasi, watu 3 wakapoteza maisha. Kisa umeya, jamani!

Katikati ya mwaka huo baadhi ya madiwani wa Chadema wakaona yaishe. Wakafanya mwafaka na wenzao, wakamtambua meya, na mmoja wao, Estomih Mallah, akapewa unaibu. Weee! Wakubwa wa chama wakaja juu. Agosti 2011 Kamati Kuu ikawavua uanachama madiwani 5: wanne wa kata na mmoja wa viti maalumu.

Sasa hapa ndipo penye mambo. Kwa sheria yetu, diwani lazima awe mwanachama wa chama na adhaminiwe nacho. Ukifukuzwa chama, udiwani nao kwaheri. Basi wananchi wa Elerai, Kaloleni, Kimandolu na Themi, waliopanga foleni kupiga kura, wakajikuta hawana diwani. Nani aliwauliza? Hakuna. Mambo yakafika mahakamani, siku zikayoyoma, karibu miaka 2 ikakatika. Hatimaye uchaguzi mdogo ukapangwa Juni 16, 2013.

Jumamosi ya Juni 15, Chadema walikuwa wanafunga kampeni viwanja vya Soweto. Bomu likarushwa. Watu waliokwenda kusikiliza hotuba wakarudishwa makwao ndani ya majeneza. Uchaguzi ukaahirishwa hadi Julai 14, na Chadema wakazoa kata zote 4.

Lakini kuna jambo moja ambalo mtunzi akilibuni ataambiwa anadanganya. Siku moja tu kabla ya bomu, Juni 14, katika mji huohuo wa Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitoa hukumu kwamba kumkataza Mtanzania kugombea bila chama ni kumnyima haki yake. Mmoja wa waliofungua kesi hiyo alikuwa Mchungaji Christopher Mtikila. Mwaka 1994 alikuwa ameshinda dai hilohilo Mahakama Kuu Dodoma, Bunge likaibadili Katiba kuufunga mlango. Hata uchaguzi wa 2025 ulifanyika bila mgombea binafsi.

Usidhani ninakisema chama kimoja. Novemba 2017 kulikuwa na uchaguzi mdogo katika kata 43. Baadhi ya kata hizo ziliachwa na madiwani wa upinzani waliojiuzulu wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais Magufuli. Wenzao wa zamani wakadai wamenunuliwa. CCM ikachukua kata 42. Kwa hiyo mwaka 2011 chama kilimfukuza diwani, na mwaka 2017 diwani alikikimbia chama. Mwenye kura, mara zote mbili, alikuwa mtazamaji.

Mimi nimemaliza kidato cha nne, sheria sijasomea. Ila najua kazi ya diwani mtaani kwetu: mtaro, taka, zahanati, kivuko cha wanafunzi. Mtaro ukiziba, maji hayaulizi kadi ya chama kabla ya kuingia chumbani. Mama muuza ndizi pale kona huwa anakumbuka jina la diwani aliyemchagua, lakini hajui Kamati Kuu imekaa lini wala imeamua nini. Anachoona ni kiti kitupu.

Fahali wawili wakipigana, nyasi ndizo huumia. Hilo tunalijua tangu shule ya msingi. Swali langu kwako, mwandishi mwenzangu: katika riwaya yako, nyasi nazo utazipa mdomo wa kusema?