Kurithi na Kuambukizwa: Funzo la Lübeck katika Historia ya Kifua Kikuu

Lugha yetu hutenganisha wazi maneno mawili: kurithi na kuambukizwa. Mtu hurithi shamba, jina au sura ya mzazi wake. Ugonjwa huambukizwa na aliye karibu naye. Hata hivyo, historia ya kifua kikuu yaonyesha kwamba mambo hayo mawili hukutana katika mwili mmoja. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wataalamu walivyofikia kulijua hilo, na hatari inayoikabili jamii inapoyachanganya.

Katika karne ya 19, madaktari wengi wa Ulaya waliamini kwamba kifua kikuu ni ugonjwa wa ukoo. Waliona nyumba moja ikimzika mama, kisha binti zake, wakahukumu kwamba damu yao ndiyo mbovu. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Robert Koch alitangaza kwamba amekigundua kijidudu kinachosababisha ugonjwa huo. Imani ya ukoo ikatikisika: waliokufa katika nyumba moja walikuwa wamevuta hewa moja. Lakini swali lilibaki: kati ya waliovuta hewa hiyo, kwa nini huyu hufa na yule hubaki mzima?

Msiba wa mwaka 1930 katika mji wa Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani, ulilitia swali hilo uzito mkubwa. Chanjo ya BCG, iliyotengenezwa na Wafaransa Calmette na Guérin na kutolewa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1921, wakati huo ilinyweshwa watoto wachanga. Katika maabara ya hospitali ya Lübeck ilichanganyika na vijidudu vikali vya kifua kikuu. Watoto wapatao 250 waliinywa. Kati yao 72 walikufa kwa ugonjwa huo. Wengi wa waliosalia waliugua, kisha wakapona bila dawa, maana streptomisini ilikuja kugunduliwa mwaka 1943. Mwaka 1932 mahakama iliwahukumu kifungo madaktari wawili, Deycke na Altstaedt.

Yatupasa kuwa waangalifu hapa. Dozi hazikuwa sawa, na uchunguzi mpya uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliopewa vijidudu vingi zaidi ndio waliokufa zaidi. Hata hivyo, miongoni mwa waliopewa kiasi kinacholingana, wengine walikufa na wengine wakapona. Miili yao haikupambana kwa nguvu moja. Lakini msiba huo peke yake hauthibitishi kwamba nguvu hizo zilirithiwa.

Ushahidi wa urithi ulitafutwa kwa mapacha. Mwaka 1943, Kallmann na Reisner wa New York walionyesha kwamba pacha mmoja akiugua, mwenzake huugua mara nyingi zaidi ikiwa wanafanana kabisa kuliko ikiwa ni mapacha wasiofanana. Baadaye utafiti uliingia ndani ya jeni zenyewe. Mwaka 1998, uchunguzi uliofanywa Gambia kwa wagonjwa zaidi ya 400 ulikuta kwamba namna fulani za jeni iitwayo NRAMP1 zilipatikana zaidi kwa wagonjwa kuliko kwa wasio wagonjwa. Mwaka 2018 ikaelezwa namna moja ya jeni TYK2: anayeirithi kwa baba na kwa mama pia hupungukiwa na uwezo wa kutoa interferoni-gama, ambayo huziamsha chembe za kinga ziviue vijidudu. Uchunguzi wa mabaki ya watu wa kale wa Ulaya, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba namna hiyo imepungua sana huko katika miaka 2.000 iliyopita, kana kwamba ugonjwa wenyewe uliwapunguza waliokuwa nayo.

Je, wale madaktari wa karne ya 19 walikuwa na haki? La. Kinachorithiwa si ugonjwa, bali ni sehemu tu ya kinga, nayo huweza kuwa tofauti hata kati ya ndugu wa tumbo moja. Tena, katika Uingereza vifo vya kifua kikuu vilipungua kwa miongo mingi kabla ya streptomisini kupatikana. Jeni za taifa zima hazibadiliki katika vizazi viwili au vitatu. Kilichobadilika ni maisha ya watu: makazi, chakula na kutengwa kwa wagonjwa.

Takriban robo ya watu wote duniani wamekwisha kuambukizwa kijidudu hiki, na kati yao 5 hadi 10 tu kwa kila 100 huugua maishani. Jamii inayosema «mtoto wa nyoka ni nyoka» juu ya nyumba iliyopatwa na kifua kikuu huinyima uchumba, nayo nyumba huficha kikohozi chake hadi kimeenea. Kwa hiyo hapana budi tuseme kwa usahihi: ukoo haumhukumu mtu kuugua, na aliyerithi kinga dhaifu hutibiwa kwa dawa akapona. Kumwita mgonjwa mrithi wa ugonjwa ni kumfungia mlango wa zahanati.