Hisabati ni Akiba: Funzo la Polandi kwa Serikali Zetu

Serikali ambayo hospitali zake hazina dawa za kutosha ina sababu gani ya kumlipa mtu atafiti hisabati isiyojulikana itatumika wapi? Katika insha hii nitalijibu swali hilo kwa historia ya Polandi kati ya vita viwili vikuu vya dunia. Hoja yangu ni kwamba hisabati hugharamiwa kabla ya haja, kwa kuwa haja ikishafika, muda wa kumfundisha mtu huwa umekwisha.

Polandi ilirudi kuwa taifa huru mwaka 1918, baada ya kutawaliwa kwa miaka 123 na Urusi, Prussia na Austria. Ilikuwa maskini. Ilipigana na Wabolsheviki hadi 1921, na mwaka 1923 sarafu yake iliporomoka vibaya. Hata hivyo, chuo kikuu kipya kilifunguliwa Poznań mwaka 1919. Mwaka 1920 wanahisabati wa Warsaw walianzisha jarida la Fundamenta Mathematicae, wakifuata wazo la mwenzao Zygmunt Janiszewski kwamba nchi isiyo na wataalamu wengi ielekeze nguvu kwenye tawi moja badala ya kujitawanya.

Faida ilitokea mahali pasipotazamiwa. Jeshi la Ujerumani lilikuwa limeanza kuficha ujumbe wake kwa mashine iitwayo Enigma. Mwaka 1929 ofisi ya kijeshi iliyoshughulikia maandishi ya siri iliandaa kozi Poznań kwa wanafunzi wa hisabati waliojua Kijerumani. Miongoni mwao walikuwemo Marian Rejewski, Jerzy Różycki na Henryk Zygalski. Mwishoni mwa 1932 Rejewski, akiwa na miaka 27, alikokotoa jinsi nyaya zilivyounganishwa ndani ya mashine ambayo hakuwahi kuifungua. Alisaidiwa na nyaraka zilizopatikana na majasusi wa Ufaransa, lakini nyaraka hizo peke yake hazikutosha. Silaha yake kuu ilikuwa hesabu ya namna vitu vinavyoweza kupangwa na kupangwa upya. Miongoni mwa walioikuza hesabu hiyo ni Mfaransa Évariste Galois, aliyefariki mwaka 1832 akiwa na miaka 20, wala hakuifanya kwa ajili ya jeshi lolote.

Julai 1939, wiki tano kabla ya vita, Wapolandi waliwakabidhi Waingereza na Wafaransa yote waliyoyagundua. Juu ya msingi huo Alan Turing na wenzake waliendeleza kazi hiyo huko Bletchley Park.

Mpinzani atasema kwamba Polandi ilivamiwa vilevile. Ni kweli: hisabati haikuzuia vifaru mwezi Septemba 1939. Lakini elimu iliyolipiwa na taifa hilo changa ilisaidia kumshinda aliyelivamia. Akiba haiozi, hata ikitumika mbali na nyumbani.

Nikirudi kwetu Uganda, mwaka 2022 serikali iliamua kupandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada, wakiwemo wa hisabati, hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Walimu wa masomo ya sanaa waligoma. Mimi ninasomea ualimu wa Historia na Kiswahili, kwa hiyo nyongeza hiyo hainihusu. Pamoja na hayo siwezi kusema kwamba fedha hizo zimepotea. Ninachosema ni kwamba mshahara ni mwanzo tu. Polandi ilikuwa na chuo, jarida la utafiti na kazi iliyowangoja wahitimu. Majirani zetu wa Rwanda wamepata hatua nyingine: tangu 2016 Kigali ina kituo cha Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, ambako vijana wa nchi mbalimbali husomea shahada ya uzamili.

Tena tusisahau jinsi vijana wa Poznań walivyochaguliwa. Walihitajika wanahisabati, lakini wanaojua Kijerumani. Mwalimu wa hesabu na mwalimu wa lugha walikuwa wamemwandaa mwanafunzi mmoja.

Kwa hiyo, rai yangu ni kwamba serikali zetu ziendelee kuwalipa vizuri walimu wa hisabati, zitenge fungu la utafiti hata pale ambapo faida haionekani leo, na zifanye hivyo bila kumdharau mwalimu wa darasa la pili.