Kampuni Ilipokuwa Baba na Mama

Kijana aliyehitimu Chuo Kikuu cha Lubumbashi, naye bado anakula na kulala kwa wazazi wake, huambiwa kwamba zamani mambo hayakuwa hivyo. Ni nusu ya ukweli. Zamani pia kijana alilishwa. Ila mlishaji alikuwa kampuni.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mji wetu, wakati huo Élisabethville, ukafuata mwaka 1910. Mwanzoni kampuni iliwachukua wanaume kwa mikataba mifupi, kisha ikawarudisha vijijini. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilibadili nia: ikataka mfanyakazi akae kambini pamoja na mke na watoto. Nyumba, matibabu, shule, posho ya mke na ya kila mtoto, vyote vilitoka kwake. Shule za kambi zilikuwa mikononi mwa wamisionari, nasi Wakatoliki tusilisahau hilo: Kanisa lilisaidia kumlea mtoto ambaye kampuni ilikuwa imekwisha kumwandalia nafasi kiwandani. Watu walisema kazi ndiyo baba na mama. Wala hakuna aliyemwita mlaji wa posho hiyo mvivu.

Serikali ilipotwaa kampuni mwaka 1967, ikawa Gécamines, desturi hiyo iliendelea. Katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Miaka michache baadaye uzalishaji haukufika hata tani 50,000, na mishahara ikachelewa miezi mingi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliagwa kwa malipo ya mara moja, mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Hiari ya mtu asiyelipwa ni ya namna gani?

Mwanahistoria wetu Donatien Dibwe dia Mwembu alichapisha mwaka 2001 kitabu ambacho jina lake la Kifaransa linawataja watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo si mzazi peke yake.

Aliyeshika nafasi yake alikuwa mama, kwa unga na makaa aliyouza sokoni na shamba alilolima nje ya mji. Ndiye aliyelipa ada, na tangu miaka ya 1990 wazazi walichangia hata mishahara ya walimu. Kampuni zilizokuja baada ya Sheria ya Migodi ya 2002 huajiri mtu mmoja mmoja. Hazichukui jamaa nzima. Kwa hiyo aliyelipia diploma ndiye anayelipia pia miaka ya kungoja kazi.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba wazazi ndio huwawekea watoto akiba. Waraka wa kwanza kwa Timoteo nao huwataka watoto wawarudishie wazazi wao. Huko Korintho, bila shaka, akiba ilikuwapo. Hapa mama wa miaka sitini bado huamka alfajiri kwenda sokoni, na mhitimu aliyelala chumba cha pili humsikia akifunga mlango.