Mwenye anwani ndiye mwenye wasikilizaji

Leo naweka kando programu na kuwapa historia kidogo, kwa sababu ya simu niliyopigiwa wiki jana.

Aliyepiga ni mama mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo. Miaka miwili iliyopita alimlipa kijana amtengenezee podikasti ya wakulima. Kijana alifanya kila kitu: alifungua akaunti, akalipia uhifadhi kwa kadi yake, akapandisha vipindi. Baadaye akapata kazi kwingine, kadi ikaisha muda, podikasti ikanyamaza. Mama akaniuliza, "Mwanangu, si nililipa? Sasa kipindi ni cha nani?"

Ili kumjibu, turudi Desemba 2000. Mwezi huo Dave Winer, mtunzi programu wa Marekani, alitoa RSS 0.92, iliyoruhusu mlisho wa tovuti kubeba faili ya sauti. Mpaka leo podikasti ni hiyo tu: faili ndogo ya maandishi inayotaja kila kipindi, mahali sauti ilipo, ukubwa wake na aina yake. Simu ya msikilizaji huikumbuka anwani ya faili hiyo. Haikujui wewe wala duka lako. Anwani ikifa, hakuna tangazo. Vipindi vipya vinaacha tu kufika.

Neno lenyewe "podcasting" aliliandika Ben Hammersley katika gazeti la Guardian mnamo Februari 2004. Waanzilishi wengi waliweka sauti kwenye seva zao wenyewe, na hapo ndipo maumivu yalipoanza. Piga hesabu: kipindi cha dakika 30 kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni megabaiti 14.4. Wakikipakua watu 1,000, umetumia gigabaiti 14.4 kwa kipindi kimoja. Kwa bei za enzi zile, kupendwa na watu kulikuwa hasara. Ndiyo maana mwaka huo huo Libsyn ilianza kule Pittsburgh, ikitoza kwa nafasi unayojaza badala ya idadi ya wanaopakua. Kwa hiyo simlaumu mtu anayekabidhi uhifadhi kwa wengine. Kosa ni kukabidhi na anwani pia.

Juni 2005 Apple ilitoa iTunes 4.9 yenye orodha ya podikasti, na uwanja ukajaa ghafla. Mwishoni mwa mwaka huo Erik Marcus, mtangazaji wa podikasti huko Marekani, aligundua kwamba orodha zilikuwa zikiwapeleka wasikilizaji wake kwenye anwani ya tovuti nyingine, ambayo ilikuwa ikiupitisha tu mlisho wake. Sauti ilikuwa yake, lakini mlango ulikuwa wa mwingine.

Tazama pia Odeo, iliyoanzishwa na Evan Williams na Noah Glass. Ilijengwa kwa ajili ya podikasti, lakini baada ya iTunes kuingia ilibidi itafute kazi nyingine. Humo ndimo Twitter ilimozaliwa mwaka 2006. Mwaka 2007 Odeo ikauzwa. Mwaka huo huo Google ikainunua FeedBurner, ambayo watu wengi walikuwa wamekodi anwani kwake. Mwaka 2021 Google iliipunguzia huduma kadhaa. Waliokuwa wameiunganisha na kikoa chao wangeweza kuhama bila kumpoteza msikilizaji. Waliotumia anwani ya FeedBurner yenyewe walibaki wakiomba.

Linganisha na kufungwa kwa Stitcher mwaka 2023 na Google Podcasts mwaka 2024. Hizo zilikuwa sehemu za kusikilizia tu. Mwenye mlisho wake hakufa, kwani wasikilizaji walihamia programu nyingine na kuukuta mlisho uleule.

Kwa hiyo, ndugu mwenye biashara, kabla hujamlipa fundi yeyote, mimi nikiwemo, dai haya:

1. Kikoa kisajiliwe kwa jina la biashara, na anwani ya mlisho ianzie hapo.
2. Akaunti ifunguliwe kwa baruapepe ya biashara, na malipo yatoke kwako.
3. Kampuni ya uhifadhi ikubali kuweka uelekezaji wa kudumu, ule wa 301, siku utakapohama. Soma masharti.
4. Sauti zote asilia zikae kwenye diski yako. Mtegemea cha nduguye hufa hali maskini.

Na mama je? Tulimpata kijana, na hana ubaya wowote. Amesahau neno la siri, na baruapepe aliyotumia aliifunga zamani. Kampuni inasema haizungumzi na mtu asiye mwenye akaunti, na kwa masharti yake iko sawa. Nimemsajilia mama kikoa chake, tunaanza upya. Ila wasikilizaji wa zamani hatuna njia ya kuwaambia, kwa kuwa wote wako nyuma ya anwani ile. Alicho nacho ni daftari la risiti lenye namba za simu za wateja. Juzi nilimwacha dukani akipiga moja moja.