Mchuzi wa Samaki wa Kisumu

Wanafunzi wengi hudhani ya kuwa historia hukaa vitabuni, katika majumba ya serikali na katika makaburi ya wakubwa. Ni kweli hukaa huko, lakini hukaa pia jikoni. Mtu akitaka kuijua habari ya Kisumu na mwambao wa Ziwa Victoria upande wa Kenya, na aketi siku moja karibu na jiko, atazame mchuzi wa samaki unavyopikwa. Vitu vyake ni vichache: samaki, mafuta, kitunguu, nyanya, chumvi, na pengine bizari kidogo. Ndio mchuzi afundishwao mpishi anayeanza, nao huonekana kana kwamba umekuwapo tangu zamani za kale. Sivyo. Karibu kila kitu kilichomo sufuriani ni mgeni, na kila mgeni alifika kwa njia yake.

Tuanze na wakati kabla ya wageni hao. Wajaluo wa mwambao walivua kwa mitego na vikapu vya matete, kwa mikuki na kwa ndoana. Samaki aliyesifiwa kuliko wote alikuwa ngege. Alipopatikana kwa wingi alipasuliwa na kuanikwa juani, akawa obambla, chakula kiwezacho kuwekwa siku nyingi na kupelekwa mbali. Aliyetaka kumla alimchemsha polepole katika chungu cha udongo, kwa chumvi iliyochujwa katika majivu ya mimea, na mara nyingine kwa maziwa au samli. Mchuzi wake ulikuwa mwepesi, na ladha yake ilitoka kwa samaki mwenyewe. Uliliwa kwa ugali wa mtama au wa wimbi, maana mahindi hayakuwa bado chakula kikuu cha nchi ile.

Mwezi wa Desemba 1901 reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani. Kituo chake kiliitwa Port Florence, ndipo hapo Kisumu ya leo. Kazi ile ilifanywa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi. Wengi wao walirudi kwao. Wachache walibaki, na nyuma yao wakaja wafanya biashara kwa hiari yao. Mmoja aliyejulikana sana ni Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch, ambaye maduka yake yalifuata njia ya reli mpaka Kisumu na kuvuka mpaka Uganda. Alifariki mwaka 1916. Katika maduka ya namna hiyo palikuwa na vitambaa, chumvi ya magunia, vyombo vya chuma na viungo. Wahindi wengine walilima katika nchi ya Kibos, karibu na mji.

Serikali nayo ilitaka mazao ya kujaza mabehewa. John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Nyanza tangu mwaka 1907, aliwahimiza wakulima kupanda mahindi, simsim, karanga na pamba. Hivyo ugali ulianza kubadilika rangi. Nyanya pia ilienea bustanini. Asili yake ni Amerika ya Kusini, kama ilivyo asili ya mahindi kuwa ni Amerika, na Ulaya ilifika katika karne ya 16 mikononi mwa Waispania.

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jiko la Kisumu liliwapa wageni hao jembe. Sufuria nyembamba ilipata moto upesi kuliko chungu, ikafaa kukaangia. Na hapo ndipo mchuzi ulipobadilika, kwa kuwa kitunguu kikaangwacho hutoa utamu ambao kitunguu kichemshwacho hakitoi. Majina yenyewe yashuhudia safari hizo. Sufuria na bizari ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Karai na dania yametoka Bara Hindi.

Katika nyumba za maofisa wa Kizungu palikuwa na mchuzi wa namna nyingine. Waingereza huyatwaa mafuta na maji yaliyodondoka kutoka katika nyama iliyookwa, wakayakoroga pamoja na unga wa ngano mpaka yakawa mazito. Wapishi wao walikuwa Waafrika, nao walijifunza kwamba unga ukimwagwa mkavu katika maji ya moto hufanya madonge. Sharti ukorogwe kwanza katika mafuta, au katika maji baridi. Lakini mchuzi ule haukushika mwambaoni, kwa maana nyanya ikiiva vizuri huufanya mchuzi kuwa mzito bila msaada wa unga.

Basi mpishi anayeanza na afanye hivi. Amsafishe samaki, ampake chumvi, amkaange mpaka awe na rangi ya kahawia, kisha amweke kando. Abakize vijiko 3 vya mafuta, akaange kitunguu kimoja kilichokatwa vipande vidogo mpaka kilainike na kuanza kugeuka rangi. Kikiungua, mchuzi wote utakuwa mchungu. Kama anataka bizari, aitie sasa, kidogo tu, isimshinde samaki. Kisha atie nyanya 3 zilizokatwa na chumvi kidogo, afunike, apunguze moto. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea: humwaga maji kabla nyanya hazijayeyuka, na mchuzi hubaki na ladha ya ubichi. Mwenye subira huona nyanya zimepondeka na mafuta yamejitenga pembeni. Hiyo ndiyo alama. Sasa atie kikombe kimoja cha maji, yakichemka amrudishe samaki, amwache kwa moto mdogo dakika 10. Asikoroge, maana samaki atavunjika; ashike sufuria kwa masikio yake na kuitikisa taratibu.

Labda msomaji atasema: Haya, nyanya ni mgeni, bizari ni mgeni, lakini angalau samaki ni mwenyeji. Hapa ndipo historia inapouma. Mwaka 1905 nyavu za uzi wa kitani zilianza kutumiwa katika ghuba ya Kisumu, zikavua samaki wengi kuliko mitego ya matete. Katika miaka ya 1927 na 1928 mtaalamu Michael Graham alipimapima hali ya ziwa, akaona mavuno ya ngege yanapungua, akashauri matundu ya nyavu yasiwe madogo kuliko inchi 5. Ngege hakupata nafuu ya kudumu. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 samaki wageni walitiwa ziwani: sato wa mto Nile, na mbuta, samaki mkubwa alaye wenziwe. Kufika miaka ya 1980 mbuta alikuwa ametawala, na aina nyingi mno za fulu, samaki wadogo wasiopatikana penginepo duniani, zilikuwa zimetoweka. Ngege wa asili karibu hayuko tena katika ziwa kubwa. Amesalia katika maziwa madogo, kama Kanyaboli katika nchi ya Siaya. Anayeitwa ngege leo sokoni Kisumu kwa kawaida ni yule sato mgeni. Jina limebaki, mwenye jina amekwenda.

Mbuta alileta fedha pia. Viwanda vilijengwa Kisumu, minofu yake ikakatwa na kupelekwa Ulaya. Kilichobaki kilikuwa kichwa, mkia na mifupa yenye nyama kidogo. Watu walikiita mgongo wazi. Wanawake wa mtaa wa Obunga walikinunua, wakakikaanga na kukiuza kwa wale wasioweza kununua samaki mzima. Hapo mchuzi ulifanya kazi yake ya zamani kuliko zote: kukifanya kidogo kitoshe wengi. Mifupa ya mbuta ina mafuta. Ikitokoswa pamoja na kitunguu na nyanya hutoa mchuzi mzito, na watoto 6 hushiba kwa ugali. Mpishi wa namna hiyo anastahili sifa. Lakini yafaa mwanafunzi ajiulize pia, ilikuwaje minofu ikasafiri na mifupa ikabaki kando ya ziwa lenyewe?

Sisemi kwamba tuurudie mchuzi wa chungu na kuzitupa nyanya. Wageni wema hawafukuzwi baada ya kushika jembe. Nasema tu kwamba si kila mgeni aliyekuja kwetu alikuja kwa namna moja. Kitunguu na nyanya ziliingia jikoni kwa sababu wapishi walizionja wakazikubali. Mbuta alitiwa ziwani kwa uamuzi wa watu wachache, na waliokuwa wakila ngege hawakuulizwa. Utakapoinama juu ya sufuria kungoja mafuta yajitenge, una dakika chache za kulifikiri jambo hilo. Usiongeze moto.