Uswidi ilivyozika nafuu ya kodi ya watoto na kumkabidhi mama fedha

Januari 1948 Uswidi ilianza kulipa posho ya watoto kwa kila familia nchini. Kiwango kilikuwa krona 260 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 16, na mpokeaji alikuwa mama. Mke wa mwenye kiwanda na mke wa kibarua walipata sawasawa. Posho hiyo ilichukua nafasi ya utaratibu wa zamani, ambapo mzazi alipunguziwa kodi ya mapato kwa sababu ana watoto wa kulea na kusomesha.

Safari ya kufika hapo ilikuwa ndefu. Sheria ya mwaka 1842 ililazimisha kila parokia kuwa na shule na mwalimu. Lakini kuwapo kwa shule ni jambo moja, na mtoto kwenda akiwa ameshiba, ana viatu na vitabu, ni jambo jingine. Mzigo huo ulibaki kwa wazazi. Baada ya serikali kuanzisha mwaka 1902 kodi ya mapato inayopanda kadiri kipato kinavyopanda, wenye watoto baadaye waliruhusiwa kutoa sehemu ya kipato chao kabla ya kodi kupigwa.

Kasoro ilikuwa kwenye hesabu yenyewe. Tuseme nafuu ni krona 600 kwa mtoto. Anayetozwa asilimia 30 anaokoa krona 180. Anayetozwa asilimia 10 anaokoa 60. Kibarua ambaye kipato chake hakifiki kiwango cha kutozwa haokoi hata senti, ingawa ndiye mwenye shida zaidi. Mwenye nacho akaongezewa.

Mjadala ulipamba moto mwaka 1934, wanandoa Alva na Gunnar Myrdal walipotoa kitabu kuhusu kupungua kwa uzazi nchini mwao. Hoja yao ilikuwa kwamba watu wanaogopa kuzaa kwa sababu gharama za mtoto zinamwangukia mzazi peke yake, ilhali faida yake ni ya taifa zima. Mwaka uliofuata serikali iliunda tume ya kuchunguza suala la idadi ya watu.

Chakula cha shule kilifuata mkondo huohuo. Mwaka 1937 serikali ilianza kuchangia mlo wa watoto wa familia masikini tu. Utaratibu wa namna hiyo una aibu yake: anayepewa sahani, darasa zima linajua kwao hali ni mbaya. Mwaka 1946 Riksdag, bunge la nchi hiyo, liliamua ruzuku ya serikali igharimie mlo wa bure kwa wanafunzi wote, bila kuuliza baba anafanya kazi gani. Mwaka 1947, Ernst Wigforss akiwa waziri wa fedha, ikapitishwa posho ya watoto. Nayo haikukatwa kodi.

Leo posho hiyo ni krona 1,250 kwa mwezi, na huingia benki tarehe 20. Mwanafunzi wa sekondari ya juu akishatimiza miaka 16 hupata ruzuku ya masomo ya kiasi hichohicho, kwa miezi 10 ya mwaka wa shule. Hata shule binafsi, zilizofunguliwa mlango na mageuzi ya mwaka 1992, hulipwa na umma na haziruhusiwi kutoza ada.

Minnesota, jimbo la Marekani lenye wajukuu wengi wa wahamiaji kutoka Uswidi, lilishika njia nyingine. Tangu 1955 limewapa wazazi nafuu ya kodi kwa ada, vitabu na usafiri wa shule. Mwaka 1983 Mahakama Kuu ya Marekani iliibariki nafuu hiyo kwa majaji 5 dhidi ya 4. Lakini mwaka 1997 jimbo lenyewe likalazimika kuongeza malipo kwa familia za kipato cha chini, ambayo hutolewa hata kwa asiyedaiwa kodi.

Huku kwetu Kenya inatoa nafuu ya asilimia 15 ya michango ya bima, ikiwamo bima ya elimu inayokomaa baada ya miaka 10 au zaidi. Tanzania imefuta ada katika shule za serikali, kwanza hadi kidato cha nne mwaka 2016, kisha kidato cha tano na sita mwaka 2022, ingawa sare, madaftari na nauli bado ni juu ya mzazi. Wanaodai gharama hizo ziondolewe kwenye kodi ya mshahara wajiulize kwanza: mama lishe, bodaboda na mkulima wa mahindi, ambao hawana hati ya mshahara, watapunguziwa nini? Fedha ya umma inayotengwa kwa ajili ya mtoto ifike kwa mtoto, si kwa mwenye mshahara mnono.